Ukinunua nyumba, dai na ufunguo

Leo sina habari za bunge wala za soka. Nataka kuzungumzia kerneli. Ndiyo, kerneli, ile programu ya ndani kabisa ya kompyuta ambayo mtumiaji wa kawaida anaweza kuishi nayo miaka 10 bila kujua kama ipo. Najua kuna wenzangu ambao wakifika hapa wanataka kufunga ukurasa. Tafadhalini msifunge. Nitajaribu kuonyesha kuwa swali la nani anaruhusiwa kuibadilisha kerneli linamgusa hata shangazi yangu kule Mbagala, ambaye simu kwake ni WhatsApp na kutuma pesa, basi.

Hoja yangu naiweka mezani mapema ili tusichoshane. Kampuni ikishaacha kukitunza kifaa ilichokuuzia, ikukabidhi uwezo wa kukitunza mwenyewe, au wa kumpa fundi wako akitunze. Ninachodai ni kidogo tu: ruhusa ya kuondoa mfumo wao na kuweka mwingine. Wasipotaka kutoa kwa hiari, sheria iwabane.

Tuelewane kwanza kuhusu maneno. Famwea ni mfumo ambao kiwanda kinauweka ndani ya kifaa kabla hakijaingia kwenye boksi. Kerneli ndiyo kiini cha mfumo huo. Yenyewe ndiyo inayozungumza na betri, kioo, kibodi na memori, na ndiyo inayogawa muda wa prosesa kwa programu zinazougombania. Kabla ya kerneli kuna kijiprogramu kingine kinachoamka wa kwanza ukibonyeza kitufe cha kuwasha. Kazi yake ni kuitafuta kerneli na kuiamsha. Hicho kinaitwa butiloda. Mfikirie mlinzi wa getini. Yupo mlinzi anayemsikiliza mwenye nyumba, na yupo anayemzuia mwenye nyumba getini kwake mwenyewe mpaka alete barua kutoka kwa fundi aliyejenga. Huyo wa pili ndiye butiloda iliyofungwa.

Sasa twende nyuma kidogo. Mwaka 2002 kampuni ya Sharp ya Japani iliingiza kwenye soko la Marekani kompyuta ya kiganjani iitwayo Zaurus SL-5500. Ukisoma sifa zake leo utacheka: prosesa ya megahezi 206, memori ya megabaiti 64, na flashi ya kuhifadhia mfumo ya megabaiti 16. Kioo kilikuwa cha inchi 3.5, na chini yake kulikuwa na kibodi ndogo iliyofichwa na kifuniko cha kuteremsha. Lakini ndani yake kulikuwa na Linux, wakati ambapo kompyuta nyingi za kiganjani zilikuwa zinatumia mfumo wa Palm au wa Microsoft.

Linux inatolewa chini ya leseni inayoitwa GPL. Leseni hiyo inasema kwamba ukiuza kifaa chenye kerneli hiyo, hata kama umeirekebisha, aliyenunua ana haki ya kupata msimbo wake. Kwa hiyo Sharp haikuwa na ujanja, msimbo wa kerneli ikautoa. Mwaka huohuo 2002 ukaanza mradi wa kujitolea ulioitwa OpenZaurus. Watu wa nchi mbalimbali, wengi wao hawajawahi kuonana, wakaanza kutengeneza famwea yao wenyewe ya kuweka mahali pa ile ya kiwandani.

Kuifleshi ilikuwa hivi. (Mafundi wetu wa Kariakoo wanalijua sana neno hilo kufleshi, maana ndiyo mboga yao.) Unachukua kadi ya memori, unaweka mafaili mawili: moja ni kerneli, la pili ni mfumo uliobaki. Unachomeka kadi kwenye Zaurus. Unashikilia vitufe vya C na D kwa pamoja, kisha unabonyeza kitufe cha kuanzisha upya. Taa mbili zinawaka. Unasubiri dakika kadhaa bila kugusa kitu, umeme usikatike, na taa zikizimika kazi imekwisha. Uzuri wake ni kwamba njia hiyo ilikaa nje ya mfumo. Hata kama famwea uliyoweka ni mbovu kabisa, kifaa hakiwaki, bado C na D zilikuwa zinasikiliza, na ungeweza kurudisha famwea ya Sharp ukaanza upya. Kuna mhandisi aliyekaa mahali akaamua kuacha mlango huo. Mlango wa namna hiyo haujitokezi wenyewe.

Sasa sikilizeni jambo linalonifurahisha kuliko yote kuhusu kifaa kile. Kwenye famwea ya Sharp, zile megabaiti 64 za memori zilikuwa zimegawanywa: nusu ya kuendeshea programu, nusu ya kuhifadhia vitu. Mwenye OpenZaurus alichagua mwenyewe. Kulikuwa na kerneli iliyoitwa 32-32, nyingine 48-16, nyingine 64-0. Tofauti yao ni mgawanyo tu. Wanaoishi chumba kimoja cha kupanga hapa Dar es Salaam watanielewa haraka. Chumba ni kilekile, unafunga pazia katikati, upande huu sebule, upande ule kitanda. Mwenye wageni wengi analisogeza pazia kule, mwenye watoto wengi analisogeza huku. Mtu mwenye kadi kubwa ya kuhifadhia alichukua 64-0, akaitumia memori yote kuendeshea programu, na kifaa kilekile kikapumua zaidi kuliko kilivyotoka kiwandani. Hakuongeza hata senti moja. Aliruhusiwa tu kulisogeza pazia.

Modeli zilizofuata zina kisa kingine. SL-C3000 ya mwaka 2004, iliyokuwa na diski ya gigabaiti 4 ndani yake, iliuzwa Japani. Menyu zake ni Kijapani. Wageni walioagiza kwa njia zao wangebaki wanabahatisha vitufe. Lakini waliweka famwea za kujitolea, na kifaa kikazungumza lugha wanayoielewa. Sisi watu wa Kiswahili tunapaswa kulielewa hili kuliko wengine. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kupitia mradi wa Kilinux, kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi zenye menyu za Kiswahili. Waliweza kwa sababu programu ile ilikuwa huria. Hawakusubiri mtu ng'ambo afanye hesabu aone kama Waswahili tunalipa.

Kuna watakaosema haya ni mambo ya watu wenye muda wa kuchezea. Hebu tuone huko kuchezea kulizaa nini. Kila modeli ya Zaurus ilikuwa na tofauti zake (watengenezaji wakazipa majina ya mbwa: collie, poodle, corgi, spitz na kadhalika), na kutengeneza famwea ya kila mbwa kwa mkono ilikuwa kazi ya kuchosha. Kwa hiyo mwaka 2003 watu wa OpenZaurus pamoja na wenzao waliokuwa wanaweka Linux kwenye vifaa vingine vya kiganjani wakaunganisha nguvu na kuanzisha OpenEmbedded, mtambo wa kupikia famwea. Unaupa maelekezo ya kifaa chako, unakutolea mfumo kamili. Mwaka 2010 Linux Foundation ilitangaza Yocto Project, ambao msingi wake ni kazi hiyohiyo. Richard Purdie, aliyefanya kazi kubwa ya kuifikisha kerneli ya 2.6 kwenye Zaurus, ndiye akawa msanifu mkuu wa Yocto. Leo kampuni zinazotengeneza mifumo ya magari, vifaa vya mtandao na mitambo ya viwandani zinatumia Yocto. Televisheni za LG zenye mfumo wa webOS zinatumia OpenEmbedded. Hao watu wa kuchezea wamewajengea wenye viwanda jiko!

Mradi wa OpenZaurus wenyewe ulifungwa mwaka 2007, kazi ikahamia kwenye mfumo mwingine uitwao Ångström. Jina limekufa, kazi inaendelea. Kampuni inapokufa au inapobadili mawazo, mara nyingi kila kitu kinazikwa nayo.

Nina mfano wa karibu zaidi. Mimi hapa ninayo Nokia N900, nimeinunua ya mtumba, na baadhi ya habari zenu nimeziandika kwenye kibodi yake. Ilitoka mwaka 2009: prosesa ya megahezi 600, memori ya megabaiti 256, nafasi ya gigabaiti 32, na mfumo wa Maemo 5 wenye kerneli ya Linux 2.6.28. Februari 2011 Nokia ikatangaza kwamba inaungana na Microsoft na simu zake janja zitatumia Windows Phone. Kwa simu ya kawaida hiyo ndiyo ingekuwa hitma. Kwa N900 haikuwa, kwa sababu butiloda yake haikumzuia mwenye simu kuweka kerneli nyingine.

Watu wa kujitolea wakatoa kerneli iliyoitwa kernel-power. Ukiiweka, unaweza kuongeza kasi ya prosesa kupita ile ya kiwandani, au kuipunguza ili betri idumu. Nokia iliuza simu ile bila uwezo wa kuchomeka flashi ya USB. Wajuzi wakarekebisha kerneli, na simu ileile ikaanza kusoma flashi. Wengine wakaendelea kutoa masasisho ya Maemo baada ya Nokia kuondoka. Leo kuna Maemo Leste na kuna postmarketOS, mradi ulioanza mwaka 2017, na yote miwili inaikubali N900 pamoja na kerneli mpya kuliko ile ya mwaka 2009. Kampuni iliyotengeneza simu hiyo ilishaacha kutengeneza simu zenyewe zamani. Simu bado ipo.

Nisiwadanganye kuwa kazi ilikuwa nyepesi. Programu ya Nokia iliyosimamia chaji ya betri ilikuwa imefungwa, msimbo wake hauonekani. Ukiweka kerneli ngeni bila programu hiyo, simu haichaji, na simu isiyochaji ni ya kazi gani? Ilibidi watu wakae chini waandike upya sehemu ya kuchajia. Ndiyo maana nasema ruhusa ya butiloda peke yake ni nusu ya safari. Nusu ya pili ni maelezo ya vifaa vya ndani: betri inachajiwaje, kioo kinawashwaje, kamera inaitwaje. Mtu akikupa ufunguo wa nyumba lakini amekuficha swichi za umeme zilipo, utaingia, lakini utakaa gizani.

Sasa tuje kwa shangazi. Miaka ile ya Zaurus tulidhani tatizo ni kupata msimbo tu. Tukapewa simu za Android, na ndani ya kila moja kuna kerneli ya Linux, na kampuni zinatakiwa kutoa msimbo wa kerneli hiyo. Tukafurahi. Kumbe unaweza kupewa msimbo na usiweze kuutumia! Unaurekebisha, unatengeneza kerneli yako vizuri kabisa, ukiipeleka getini mlinzi anakwambia haina muhuri wa kampuni, rudi. Mchezo huu si mpya. Mashine za TiVo za kurekodia televisheni ziliufanya mapema miaka ya 2000, na toleo la tatu la leseni ya GPL lililotoka mwaka 2007 liliandikwa, pamoja na mambo mengine, kuuzuia. Lakini kerneli ya Linux ilibaki kwenye toleo la pili. Linus Torvalds alilikataa la tatu, akisema yeye anataka msimbo urudi, mambo ya mashine ni ya mtengenezaji. Namheshimu sana Torvalds, lakini hapa sikubaliani naye. Msimbo bila mashine ya kuuendeshea ni kama mapishi bila jiko.

Milango yenyewe inazidi kufungwa. Mwaka 2018 Huawei ilitangaza kuwa haitatoa tena namba za kufungulia butiloda za simu zake. Kampuni nyingine zinaruhusu hapa na kukataa pale, kutegemea modeli na nchi.

Yangu mimi yalinikuta kwenye simu ya kampuni nisiyoitaja. Kioo kizima, betri nzima, kamera inapiga picha zinazotoka gazetini. Masasisho yakakoma. Siku moja programu ya benki ninayotumia ikaniambia mfumo wa simu yangu umepitwa na wakati, haitafunguka tena. Nikauliza kama naweza kuweka mfumo mpya wa kujitolea, nikajibiwa butiloda ya modeli hiyo haifunguliwi. Yaani wao hawatanitengenezea na mimi siruhusiwi kujitengenezea. Hapo sijanunua simu, nimepanga. Na mwenye nyumba amehama, ameondoka na funguo!

Haya, fikiria sasa nchi kama yetu. Simu nyingi tunazonunua ni za mtumba, kutoka Dubai na kwingineko. Zinapofika mtaa wa Aggrey, miaka kadhaa ya masasisho imeshaliwa na mtumiaji wa kwanza. Shangazi ananunua kwa akiba ya vikoba, anaitumia mwaka mmoja, inaanza kukataa programu za fedha. Hajaidondosha, hajaimwagia maji. Anaambiwa anunue nyingine. Matokeo ya butiloda iliyofungwa yanamfikia yeye kabla ya kumfikia mtu wa London anayebadili simu kila Krismasi.

Tuwasikilize na wapinzani, maana hoja zao si za kudharau. Wanasema butiloda ikiwa wazi, mwizi ataiba simu, ataiosha, ataiuza. Au mtu mbaya ataipata simu yako dakika 10, ataweka famwea ya kukupeleleza. Ni kweli kabisa, hatari hizo zipo. Lakini kufunga si lazima kumfungie nje mwenye mali. Simu za Google Pixel zimekuwa zinaruhusu mwenye simu kufungua butiloda, na kabla ya hapo inafuta kila kitu kilichomo ili mwizi asipate siri zako. Kisha unaweka mfumo mwingine, na unaweza kufunga tena kwa ufunguo wa mfumo huo mpya. GrapheneOS, mfumo unaotumiwa na watu wanaojali usalama kupita kiasi, unafanya hivyohivyo. Kwa hiyo kufuli inaweza kuwepo na ufunguo ukabaki kwa mwenye mlango.

Wengine wanasema watu wa kawaida hawana haja ya kubadili kerneli. Sawa. Shangazi yangu hana haja ya kujua kufungua gia boksi pia. Lakini daladala anayopanda kwenda Kariakoo inatengenezwa na fundi wa gereji ya mtaani, na fundi huyo anaruhusiwa kuinua boneti. Tungeambiwa boneti zote zimechomelewa na anayeruhusiwa kukata ni kiwanda cha Japani peke yake, nadhani tungekuwa tunatembea kwa miguu. Mafundi wa simu tunao, vijana wenye akili nyingi, wanajifunza wenyewe usiku na mchana. Shangazi haitaji utaalamu. Anahitaji fundi wake aruhusiwe.

Kizuizi kimoja kinabaki, nacho kinaniumiza. Hata simu ikifunguka na kupata mfumo mpya uliozibwa mianya yote, programu nyingi za benki na malipo zinauliza kwanza kupitia huduma ya Google kama mfumo ni ule wa kiwandani. Kama si wenyewe, zinagoma. Matokeo yake ni kichekesho: simu yenye mfumo wa kiwandani usioguswa kwa miaka inaweza kukubaliwa, na yenye mfumo mpya wa kujitolea ikakataliwa. Benki zinapaswa kupima usalama wa mfumo, siyo asili yake.

Umoja wa Ulaya umeanza kusogea. Kuanzia tarehe 20 Juni 2025 kanuni zake za simu na tableti zinalenga masasisho ya mfumo yaendelee kupatikana kwa angalau miaka 5 baada ya modeli kuacha kuingizwa sokoni. Ni hatua nzuri, napiga makofi. Lakini inarefusha tu muda wa kumtegemea mwenye nyumba. Mwaka wa 6 swali linarudi palepale.

Mimi ningependa TCRA na Tume ya Ushindani walifikirie jambo hili kwa masharti matatu. La kwanza, kila simu inayoingizwa nchini iandikwe kwenye boksi masasisho yake yatakoma mwaka gani. La pili, siku masasisho yanapokoma, kampuni itoe njia ya kufungua butiloda bure kwa mwenye simu, pamoja na maelezo ya vifaa vya ndani yanayotosha kuendesha kerneli mpya. La tatu, sehemu ya mawasiliano ya redio ibaki imefungwa wakitaka, maana najua hofu ya kuvuruga masafa, na sehemu hiyo ina famwea yake tofauti na kerneli. Hakuna hapo linalomnyang'anya mtu siri ya biashara ya simu anayoiuza leo. Tunazungumzia simu ambayo yeye mwenyewe ameshatangaza kuwa haimhusu tena.

Na inawezekana. Nokia yenyewe, ilipoacha kuitunza kirasmi kompyuta yake ya kiganjani ya 770 iliyotoka mwaka 2005, iliwatolea wenye kifaa hicho famwea za mfumo mpya zilizoitwa Hacker Edition, bila dhamana, jaribu kwa hatari yako. Hazikuwa kamili. Lakini ziliwachukulia wateja kama watu wazima wenye mali yao. Hicho ndicho ninachokiomba.

Haya, mie nimesema. Wenye benki, mafundi wa Aggrey, na nyie wanasheria mnaosoma kimyakimya, karibuni mnipinge. Ila kabla ya kunipinga, chukua simu yako hiyo uliyoishika, uangalie ilipata sasisho la mwisho lini. Kisha jiulize, siku hiyo ikipita mwaka mzima, utampelekea nani?

Naomba kutoa hoja.